Maji na Chakula Ndani ya Mmea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakulima, Warina Asali na Wanafunzi wa Tabora

Maswali haya hujirudia kila msimu, kuanzia Urambo na Kaliua kwenye tumbaku hadi Nzega na Igunga kwenye mahindi na mpunga. Mengi yake yana msingi mmoja: ndani ya mmea kuna njia mbili, moja ya maji na nyingine ya chakula, na dalili unayoiona kwenye jani hutegemea ni njia ipi iliyoharibika. Asiyejua hilo hununua dawa ya ugonjwa ambao haupo, au humwagilia mmea ambao tayari unazama.

Mmea unaotoa maua una sehemu gani kubwa?

Mzizi, shina, jani na ua. Tunda na mbegu hutokana na ua. Mzizi hushikilia mmea na kufyonza maji pamoja na madini yaliyoyeyuka. Shina lina vifundo, na jani hutokea penye kifundo. Kwapani mwa jani hukaa tumba linaloweza kuwa tawi au ua. Jani hutengeneza sukari kwa usanisinuru, yaani kwa mwanga, maji na hewa ya kabonidioksidi. Ua kazi yake ni mbegu.

Usihukumu sehemu kwa mahali ilipo. Kiazi mviringo kiko ardhini lakini ni shina, kwa sababu macho yake ni matumba. Muhogo tunaokula ni mzizi usio na matumba, ndiyo maana hupandwa pingili za mti wake na si muhogo wenyewe. Na ile nguzo ya mgomba siyo shina: ni ala za majani zilizokumbatiana. Shina halisi la mgomba ni tunguu lililofukiwa ardhini.

Zailemu na floemu ni nini, na nitazionaje?

Chukua tawi bichi la mwembe lenye unene wa kidole gumba, ulikate kwa kisu kikali, kisha ukwangue taratibu kutoka nje kwenda ndani. Kwanza utakuta gome kavu la nje. Chini yake kuna gome la ndani, laini na lenye unyevu: hiyo ndiyo floemu. Ukilibandua utagusa utando mwembamba unaoteleza, nao ni kambiamu, yaani tabaka la seli linalozalisha floemu upande wa nje na zailemu upande wa ndani. Kinachofuata, ule mti mweupe mgumu, ni zailemu.

Zailemu ni mirija ya seli zilizokwisha kufa, zenye kuta zilizokazwa kwa lignini, yaani kitu kigumu kinachofanya mbao ziwe ngumu. Hubeba maji na madini kutoka mizizini kwenda juu. Floemu ni seli hai zilizoungana ncha kwa ncha, na ukuta kati ya seli na seli una matundu mengi madogo. Hubeba sukari kutoka inakotengenezwa au ilikohifadhiwa kwenda inakohitajika, iwe chini kwenye mzizi au juu kwenye ua na tunda.

Katika mti mkubwa, zailemu ya zamani iliyo katikati huacha kubeba maji na kugeuka kiini kigumu chenye rangi nzito. Ndicho wachonga vitanda wanachokitafuta kwenye mninga. Kwa kuwa maji hupita kwenye mbao changa za pembeni, mti wenye uvungu katikati unaweza kuishi miaka mingi. Yale machozi mekundu yanayochuruzika ukiujeruhi mninga si maji yanayopanda wala sukari inayoshuka. Ni utomvu wenye tanini nyingi.

Maji yanafikaje juu ya mti bila pampu?

Jani ndilo linalovuta. Chini ya jani kuna matundu madogo mno yaitwayo stomata, na kila tundu linalindwa na seli mbili. Tundu likifunguka ili kabonidioksidi iingie, mvuke wa maji hutoka. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, hivyo inayotoka juu huivuta iliyo nyuma yake, na mvuto huo hufika hadi mzizini kupitia safu ya maji isiyokatika ndani ya zailemu. Henry Dixon na John Joly wa Dublin, Ayalandi, walieleza hivyo mwaka 1894, na maelezo yao ndiyo yanayokubalika hadi leo. Pampu ya kufyonza iliyowekwa juu ya kisima haivuki kina cha mita 10 hivi, kwa kuwa inategemea mgandamizo wa hewa. Mti haufungwi na kikomo hicho kwa sababu ni mshikamano wa maji yenyewe unaofanya kazi.

Gharama yake ni kubwa. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mzizi huishia hewani, na mmea mmoja wa mahindi hutumia takribani lita 200 tangu kuota hadi kukomaa.

Jua likizidi, safu ya maji inaweza kukatika na mapovu ya hewa yakaziba mirija. Mmea hujikinga kwa kufunga stomata, na jani la mahindi hujiviringa. Mahindi yaliyojiviringa saa saba mchana yakanyooka jioni hayana neno. Yakikutwa yamejiviringa saa moja asubuhi, jua kwamba maji yamekwisha kwenye eneo la mizizi; kama una uwezo wa kumwagilia, usingoje kesho.

Na chakula kinasukumwa na nini?

Kinasukumwa na mgandamizo. Jani hupakia sukari kwenye floemu. Maji kutoka zailemu ya jirani huifuata sukari hiyo. Mgandamizo hupanda na utomvu husukumwa kuelekea kule sukari inakopakuliwa. Ernst Münch wa Ujerumani alilieleza hili kwa ukamilifu mwaka 1930. Mwendo wake ni kama nusu mita hadi mita moja kwa saa.

Vidukari wanaishi kwa mgandamizo huo. Huchoma mdomo wao kwenye mrija mmoja wa floemu na utomvu huwaingia wenyewe. Sukari wasiyoihitaji huitoa nyuma, ndiyo ule unato kwenye majani ya maharage na sababu ya sisimizi kupanda. Ukiona sisimizi wengi kwenye mmea, usianze na sisimizi. Geuza majani, angalia chini yake. Wakiwa wachache, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ukinyunyiza jioni upande wa chini wa majani, kinatosha. Rudia baada ya siku chache.

Kwa nini miche hunyauka baada ya kuhamishwa ilhali nimemwagilia?

Kwa sababu sehemu inayofyonza maji imebaki kitaluni. Maji mengi hayaingilii kwenye mizizi minene bali kwenye vinyweleo vilivyo karibu na ncha ya mzizi. Kila kinyweleo ni seli moja tu iliyorefuka, na huishi siku chache au wiki chache. Mwaka 1937 Howard Dittmer wa Marekani alichunguza mmea mmoja wa rai, nafaka inayofanana na ngano, uliokua miezi 4 kwenye sanduku la udongo. Mizizi yake ikiunganishwa ilipita kilomita 600, na vinyweleo vyake vilikuwa takribani bilioni 14. Mche ukivutwa kwa mkono, hivyo ndivyo vinavyokatika.

Wiki moja hadi siku 10 kabla ya kuhamisha nyanya, kabichi au tumbaku, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili majani yakomae. Siku ya kuhamisha, lowesha kitalu mpaka chini kama sentimita 15, kisha chimbua mche na udongo wake badala ya kuuvuta. Panda kuanzia saa kumi jioni au siku ya mawingu. Mimina kama nusu lita ya maji kwenye shimo, weka mche, rudishia udongo na ushindilie kwa vidole, maana mzizi uliozungukwa na hewa haufyonzi kitu. Mche wenye majani makubwa upunguzie majani ya chini, hata theluthi moja, kwa kuwa mizizi iliyobaki haiwezi kulisha majani yote.

Udongo umelowa, mmea umenyauka. Nifanye nini?

Usiongeze maji. Ng'oa mmea mmoja kwa uangalifu na utazame mizizi na shina.

Mizizi myeusi, laini na yenye harufu mbaya imekosa oksijeni. Mzizi ni kiungo hai, na usipopumua hushindwa kufyonza hata ukiwa ndani ya maji. Hutokea sana kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako mpunga hustawi kwa sababu una nafasi za hewa ndani ya shina zinazopeleka oksijeni hadi mizizini. Mahindi hayana uwezo huo kwa kiwango hicho. Chimba mifereji, au mwaka ujao panda juu ya matuta.

Mizizi yenye vinundu ina minyoo fundo, adui mkubwa wa tumbaku, nyanya na bamia. Usivichanganye na vinundu vyema vya karanga, maharage na kunde: vile vyema vinabanduka ukivisugua kwa kidole, na ndani vina rangi ya waridi. Vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Badilisha zao, uweke mahindi au nyasi kwa misimu kadhaa, na usihamishe miche kutoka kitalu kilichoambukizwa.

Mizizi ikiwa mizima, shuku mnyauko bakteria, ambao huziba zailemu. Kipimo chake ni rahisi. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 10 karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja tu ikigusa maji, na usiitikise. Ndani ya dakika chache utaona nyuzi za rangi ya maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Hao ni bakteria. Ugonjwa huu hauna dawa ya kunyunyiza. Ng'oa mmea na uuchome, safisha jembe, zuia maji ya eneo hilo yasitiririke kwenda sehemu nyingine, na usirudie hapo nyanya, tumbaku, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo.

Mbolea ya chumvichumvi iliunguza mahindi yangu. Je, ilikuwa mbovu?

Mara nyingi mbolea huwa nzima. Kosa liko kwenye kipimo na mahali ilipowekwa. Maji huingia mzizini kwa sababu ndani ya seli kuna chumvi na sukari nyingi kuliko kwenye udongo. Ukirundika mbolea jirani na mzizi, hali hugeuka: nje kunakuwa na chumvi zaidi, na maji hutoka kwenye mmea kurudi udongoni. Kingo za majani hukauka kana kwamba kuna ukame.

Kizibo kimoja cha soda, takribani gramu 5, kinatosha shimo moja. Wakati wa kupanda, tanguliza mbolea, ifukie kwa udongo, ndipo uweke mbegu, visigusane. Ya kukuzia iweke umbali wa kama sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, na uifukie. Isidondokee kwenye kikombe cha majani machanga. Ukishakosea, maji mengi ndiyo dawa, ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Kwa nini mti uliobanduliwa gome la mzinga hufa, na kwa nini haufi siku hiyo hiyo?

Mzinga wa gome hupatikana kwa kukata duara mbili kwenye shina, moja juu na moja chini, kisha kubandua gome lote lililo kati yake likiwa zima. Mtundu na miti mingine ya miombo ndiyo inayoumia zaidi. Gome hubanduka kirahisi wakati wa mvua, kwa sababu wakati huo kambiamu inagawanyika kwa kasi na seli zake bado ni laini.

Linapotoka gome, inatoka floemu yote ya sehemu hiyo. Zailemu imebaki. Majani yanaendelea kupata maji, mti unasimama na kijani chake, na aliyebandua anaondoka akiamini haujadhurika. Mizizi ndiyo iliyofungiwa chakula. Inaishi kwa wanga iliojiwekea, na wanga huo ukiisha haiwezi tena kuotesha vinyweleo vipya. Maji yanakoma kupanda, ndipo majani yanapokauka. Inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi, na kwa mti mkubwa hata msimu mzima na zaidi.

Marcello Malpighi wa Italia alilionyesha jambo hili katika karne ya 17: alibandua pete ya gome, akaona sehemu iliyo juu ya pete ikivimba kwa chakula kilichokosa njia. Uvimbe kama huo huonekana kwenye mwembe uliofungwa waya wa uzio ukasahaulika. Waya hauhitaji kukata mti. Ukiikaba tu floemu, umeshaua mizizi.

Kwa mrina asali kuna la zaidi. Nekta ambayo nyuki huichukua kwenye ua hutokana na sukari iliyosafirishwa na floemu. Mti mmoja uliobanduliwa umetoa chombo cha kuwekea asali na umeondoa ua lililokuwa likiilisha. Hatuoni hesabu yoyote inayofanya biashara hiyo iwe na faida. Gogo lililoanguka lenye uvungu, mzinga wa sanduku, au mzinga wa viunzi vya juu hufanya kazi ile ile, na mti unabaki.

Mti uliokwisha kubanduliwa unaokoleka?

Gome likiwa limetoka upande mmoja tu, chini ya nusu ya mzunguko, mti wenye afya hujitibu wenyewe. Lainisha kingo za jeraha kwa kisu safi, uache hapo. Usipake matope wala samadi.

Pete ikiwa kamili na mti ni wa msituni, ukate chini ya pete kabla ya mvua kuanza, mkato uwe wa mteremko ili maji yasituame. Miti mingi ya miombo huchipua vizuri kwenye kisiki, kwa kuwa mizizi bado ina wanga. Machipukizi yakifika urefu wa mtu, bakiza mawili au matatu yenye nguvu.

Ikiwa ni mwembe au mchungwa na jeraha ni bichi, unaweza kulijengea daraja. Kata vijiti vya mti huo huo vyenye unene wa penseli, virefu kuliko jeraha kwa sentimita 6 hivi. Chonga ncha zote mbili kwa mshazari, uzichomeke chini ya gome zima juu na chini ya jeraha ili kambiamu ya kijiti iguse kambiamu ya mti. Upande wa kijiti uliokuwa juu ubaki juu, ukikipindua hakitadumu. Weka kijiti kila baada ya sentimita 5, ukaze kwa misumari midogo, uzibe miunganiko kwa nta ya nyuki. Panya na mbuzi wasifike.

Kuupiga mwembe panga kunaufanya uzae?

Kunaweza kuuchochea utoe maua, kwa sababu sukari iliyozuiwa kushuka hulundikana matawini. Lakini unafanikiwa kwa kuinyima mizizi chakula, na kila jeraha ni mlango wa fangasi na wadudu watoboaji. Afadhali upogoe mara baada ya mavuno ili mwanga uingie, na uache kuweka samadi au urea nyingi, ambazo huuelekeza mti kwenye majani. Usitarajie pia kila ua kuwa embe: kwenye tawi moja la maua ya mwembe, mengi ni ya kiume.

Mbona michikichi ya Kigoma hukwanguliwa shina na haifi?

Mchikichi, mnazi, mgomba na mahindi ni monokotiledoni, yaani mimea ambayo mbegu yake ina jani-mbegu moja. Mafungu yao ya zailemu na floemu yametawanyika shina zima. Hayakupangwa kwenye pete chini ya gome, na kambiamu hakuna. Kukwangua nje hakukati njia yote ya chakula. Hata hivyo kuna hasara tatu: jeraha la mchikichi halizibi kamwe, shina haliongezeki unene kama la mwembe, na kilele chake kimoja kikikatwa mti umekufa.

Kwa sababu hiyo hiyo mchikichi haubebeshwi kama mwembe, kwani kubebesha ni kuunganisha kambiamu na kambiamu. Uboreshaji wake hupitia kwenye mbegu: aina ya mchikichi iitwayo dura huchavushwa na aina ya pisifera, ikapatikana aina ya tenera yenye nyama nene ya mafuta, kazi inayofanywa na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) huko Kigoma.

Kuhusu migomba, mnyauko bakteria huingia mara nyingi kupitia ua dume lililo mwisho wa mkungu, ukiletwa na wadudu, kisha hushuka kwenye mirija. Likate ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokea. Ukitumia panga, bakteria huhama nalo kutoka mgomba hadi mgomba, usipolipitisha kwenye moto kila mara.

Karanga zimezaa maganda matupu. Tatizo ni nini?

Kwa kawaida ni upungufu wa kalisi, na hapa elimu ya mirija inalipa. Kalisi husafiri kwenye zailemu tu, ikifuata maji kwenda mahali panapotoa mvuke. Karanga huchanua juu ya ardhi. Baada ya uchavushaji, ua hushusha kijiti kinachoingia udongoni na ganda hukulia humo. Ganda lililo ardhini halitoi mvuke, kwa hiyo kalisi inayopanda kutoka mizizini hulipita na kwenda majani. Ganda hulazimika kufyonza kalisi lenyewe kutoka kwenye udongo unaoligusa. Ndiyo maana jasi, ambayo ina kalisi, huwekwa juu ya mstari wakati wa kuchanua, na palizi ya jembe husimama mara vijiti vinapoanza kuingia ardhini. Udongo wa kichanga, ambao Tabora unao kwa wingi, hupoteza kalisi haraka.

Nyanya zinazooza kitako zina tatizo la ukoo huo. Mara nyingi kalisi ipo, ila maji yanatolewa leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kiasi kile kile kwa vipindi vilivyo sawa, na utandaze nyasi kavu.

Majani ya manjano: nianze kuangalia ya chini au ya juu?

Yote mawili, kwa kuwa hayasemi jambo moja. Naitrojeni, potasiamu na magnesi huweza kuhamishwa kwa floemu kutoka jani kuukuu kwenda changa, hivyo upungufu wake huanzia chini. Chuma na kalisi vikishafika kwenye jani havihami, hivyo upungufu wake huonekana kwenye majani mapya.

Kwa nini tumbaku hukatwa ua?

Ua na mbegu huvuta sukari kuliko sehemu nyingine zote. Ukilikata, chakula hubaki kwenye majani nayo hunenepa. Lipo na jingine ambalo wakulima wengi hawajalisikia: nikotini haitengenezwi kwenye jani bali kwenye mzizi, kisha hupandishwa na zailemu. Majaribio ya miaka ya 1940 yalibebesha tumbaku juu ya mizizi ya nyanya, na majani yakakosa nikotini. Kukata ua huchangamsha mizizi, na nikotini huongezeka. Baada ya kukata, maotea ya kwapani huamka ndani ya siku chache, na usipoyang'oa kila wiki yatakula kile ulichokiokoa.

Nikichuma kisamvu sana, muhogo utapungua?

Ndiyo. Wanga wa muhogo ulitengenezwa kwenye jani ukashushwa na floemu. Chuma vichipukizi vichache kwa kila mti na uache wiki kadhaa vipone. Ni hivyo hivyo kwa matembele na viazi vya kutengenezea michembe: shamba la viazi litengwe na la mboga.

Miombo huchipuaje Septemba na Oktoba, kabla ya mvua?

Kwa maji yaliyohifadhiwa kwenye shina na yale ya chini kabisa yanayofikiwa na mizizi mirefu. Miezi ya kiangazi miti ilikuwa imepukutisha majani, kwa hiyo haikupoteza mvuke mwingi. Majani mapya hutoka mekundu au ya rangi ya shaba, na hugeuka kijani yanapokomaa. Wenye kuchoma moto msitu miezi hiyo wajue wanachoma akiba ambayo mti hauwezi kuirudisha mpaka mvua zinyeshe.

Kiduha kinadhuruje mahindi wakati kina majani yake?

Kiduha ni gugu linalojishika kwenye mzizi wa mahindi na kuunganisha zailemu yake na ya mwenyeji. Hupoteza mvuke kwa wingi, na kwa njia hiyo huvuta maji na madini yaliyokuwa yakielekea kwenye mahindi. Madhara huanza kabla hakijajitokeza juu ya ardhi. Maua yake ya zambarau ukiyaona, king'oe kabla mbegu hazijakomaa, kwa sababu mbegu zake ni kama vumbi na hudumu udongoni zaidi ya miaka 10. Kunde au karanga katikati ya mahindi husaidia, na samadi pia.

Darasani hatuna maabara. Tuonyesheje maji yakipanda?

Tumia shina changa la mchicha wa kijani au ua jeupe lenye kikonyo kirefu. Weka vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula kwenye nusu glasi ya maji. Kata shina ndani ya beseni la maji, ncha ikiwa imezama, kisha ulihamishe haraka kwenye glasi. Liweke mahali penye mwanga na upepo kidogo. Baada ya saa moja hadi mbili kata vipande vya upana wa milimita chache: vidoa vyekundu vitaonyesha mafungu ya zailemu. Rudia kwa bua changa la mahindi, na wanafunzi wataona vidoa vilivyotawanyika shina zima.

Rangi isipopanda, kuna sababu tatu za kuchunguza. Shina lilikatwa hewani, na povu limeziba mirija: likate upya sentimita 2 ndani ya maji. Majani yaliondolewa, hivyo hakuna kinachovuta. Au glasi iliwekwa kwenye chumba chenye giza na unyevunyevu, ambako stomata zimefungwa. Isogeze dirishani na usubiri saa nyingine moja.